Nilivyotafuta pa Kuandikia Amri za Ndiva

Kuna lugha moja ya mashine ambayo hapa Same anaijua mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Nasema Same kwa unyenyekevu. Nikisema mkoa mzima sitakuwa nimedanganya, na nikisema Tanzania nzima bado nasubiri mtu ajitokeze anipinge. Hawa waliosoma vyuo wanajua lugha ambazo kila mtu anazijua, sasa hapo pa kujivunia ni wapi? Mimi niliishia darasa la saba. Sekondari nimeingia mara moja, kwenda kuchomelea geti lao, na geti hilo mpaka leo halijalegea hata bawaba moja. Karakana yangu ya pampu na vyuma nimeijenga kwa mikono hii. Sijarithi hata nyundo.

Lugha yenyewe ni ya kisanduku. Ni kisanduku cha chuma, cha kijivu, ukubwa wa ile Biblia inayokaa madhabahuni. Nilikikuta Hedaru kwenye lundo la vyuma chakavu, kimelala kati ya rejeta ya lori na kitanda cha chuma kisicho na miguu. Muuzaji alidhani ni redio iliyokufa na mimi sikumsahihisha. Kilitoka kwenye kiwanda kilichofungwa zamani, na kazi yake ilikuwa kuamrisha mashine: fungua hiki, subiri, funga kile, washa kingine. Unakiandikia amri kwenye kompyuta, unakilisha kwa waya, nacho kinatii bila kuchoka wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Kijitabu chake kilikuwa cha Kijerumani. Mchungaji mmoja mstaafu, aliyewahi kusoma huko ughaibuni, alinitafsiria chote kwa wiki mbili, huku akilalamika kwamba theolojia haikumwandaa kwa mambo ya vali na mota. Lugha nzima ina maneno thelathini na moja. Niliyakariri yote kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha, ila safari hii bila fimbo.

Lakini mtu anaweza kujua lugha na asiwe na la kusema. Mimi nilikuwa na la kusema, na sababu ni dada yangu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama kuondoka duniani. Sare yangu ya shule aliishona yeye kwa mkono, na ilikuwa kubwa ili nikue ndani yake. Mpaka leo anakaa nyumbani kwetu juu milimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka mjini kama dereva hana haraka ya kufa. Analima tangawizi. Shamba lake linanyweshwa na ndiva. Kwa asiye wa Upareni niseme tu kwamba ndiva ni bwawa lililojengwa na babu zetu kwa mawe na udongo. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku, na alfajiri lango linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Mfereji wetu unafunguliwa Jumatatu na Alhamisi, na una mashamba sita. La dada ni la sita, la mwisho kabisa.

Miaka yote zamu ziligawanywa na mzee mmoja, mgawa maji, ambaye alianza kazi hiyo mimi sijazaliwa. Alikuwa akifungua, akitembea na mfereji mpaka chini, akifunga. Kisha magoti yakamgomea. Tangu alipokaa nyumbani, mgawaji akawa yeyote aliyewahi kuamka, na cha ajabu ni kwamba waliowahi kuamka wote walikuwa na mashamba ya juu. Misimu miwili mfululizo tangawizi ya dada ilinyauka, imesimama mistari kama watoto waliosahauliwa shuleni.

Nilipomtembelea alikuwa jikoni anamenya ndizi. Hakulia wala hakulaumu. Alisema tu, bila kuinua macho, "Msimu huu nikikosa tena, shamba nalikodisha, nahamia Mwanga kwa binti yangu."

Nikamwambia Mwanga si mbali.

"Sijasema ni mbali," akasema. "Nimesema nahamia."

Hapo ndipo nilipoumia. Nyumba ile bila yeye ni mabati na buibui. Wiki hiyohiyo nikasimama kwenye mkutano wa watumiaji maji na kutangaza kwamba nitatengeneza malango yatakayojifungua na kujifunga yenyewe, kila shamba kwa zamu yake, bila kumjua mtu. Mwenyekiti aliniuliza kwa adabu kama nimekunywa chochote. Nikawaeleza habari za kisanduku, nikaeleza na habari za lugha, nikaeleza na geti la sekondari. Wakakubali, kwa sharti moja ambalo ni la zamani kama ndiva yenyewe: lolote linalobadilisha mgao wa maji lazima lisomwe mbele ya watumiaji wote, mstari kwa mstari, pale kwenye ukingo wa bwawa. Yeyote akisema "rudia," unarudia. Na kama hata mmoja hakuridhika, jambo halifanyiki. Kwa hiyo amri zangu zote za kisanduku nizilete zimeandikwa kwenye karatasi, nizisome, wazishike mkononi.

Nikakubali upesi, maana nilidhani kazi ngumu itakuwa chuma. Chuma kilinichukua wiki tatu. Nilichomelea vilango sita vya kuteleza juu na chini, kila kimoja nikakifungia mota ya waipa ya lori, nikavuta nyaya kando ya mfereji, nikaweka sola na betri, na kisanduku nikakijengea kibanda chake pale bwawani. Ningeweza kuisifia kazi hiyo kurasa kumi na nisimalize. Hakuna aliyeniambia kwamba shida itakuwa ni pa kuandikia.

Msomaji asiyefahamu mambo haya atadhani kuandika ni kuandika. Nami nilidhani hivyo. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua imeshatumika, betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Nikafungua ile programu inayotumiwa na ofisi zote kuandikia barua. Nilijiambia kwamba kama inafaa kuandikia barua ya mkuu wa wilaya, kilango cha maji ni nani? Nikachagua herufi zenye mikia, zile za kadi za harusi, nikaandika amri zangu mistari sita, safi, zinavutia macho. Nikakilisha kisanduku. Kikawasha taa nyekundu, yaani kinasema "sielewi."

Nikakagua kila neno. Yalikuwa sahihi. Nikakilisha tena, taa nyekundu. Siku mbili nilikaa na kile kitu karakanani tukitazamana, wateja wakija na pampu zao nawaambia wasubiri. Mwisho nikampigia mpwa wangu, binti wa dada, huyo wa Mwanga, ambaye anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi fulani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kisanduku kimekufa."

Akauliza nimeandikia kwenye programu gani. Nilipomtajia, nikasikia anamwambia mwenzake wa ofisini, na wote wawili wakacheka bila hata kuziba simu. "Mjomba," akasema, "hiyo ni ya barua."

"Sasa niandikie wapi, ukutani?"

Akanieleza. Programu ile haiwezi kumwacha mtu na maandishi yake. Ukianza mstari kwa herufi ndogo, inaikuza. Ukiweka alama za kunukuu zilizonyooka, inazipinda ziwe nzuri. Ukiweka kistari kifupi, inakirefusha. Inafanya hayo yote kimyakimya kwa nia njema, halafu kisanduku kinaletewa vitu ambavyo hakijawahi kuviona maishani. Nilielewa mara moja, maana nimewahi kuwa na shemeji aliyekuja kututembelea akanipangia karakana nzima wakati nimelala, na spana namba kumi na saba sijaiona tangu siku hiyo.

Kabla mpwa hajapata nafasi ya kuja, fundi simu mmoja pale karibu na stendi alinisikia nikisimulia, akaniambia watu wa kazi wenyewe wanatumia programu moja nyeusi, ya zamani, isiyo na mapambo. Neno "watu wa kazi" likanigusa. Akaniwekea. Nikaifungua saa nne asubuhi. Nilibonyeza herufi, haikuandika. Nikabonyeza nyingine, ikafuta kitu. Nikabonyeza zote, ikalia kama panya. Nikataka kutoka. Hapakuwa na mlango. Nilijaribu kila kitufe, vingine viwili viwili, kimoja kwa kiwiko. Nilitoka saa saba kasoro, umeme ulipokatika. Katika maisha yangu yote ya uchomeleaji hiyo ndiyo siku pekee niliyoshukuru umeme kukatika.

Jumapili mpwa akaja na kompyuta yake na programu ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonipumbaza. Hiyo ilikuwa na rangi. Ukiandika neno la amri linageuka bluu, namba inageuka kijani, maelezo yanageuka kijivu. Ukianza neno, yenyewe inakumalizia, kama mke wa miaka mingi. Ilikula bando langu la wiki kwa asubuhi moja kwa kujiboresha, sikujali. Mpwa alinionya kwamba programu haiijui lugha yangu. "Hakuna anayeijua, mjomba, ni wewe tu," akasema, na mimi nikamwomba arudie. Kwa hiyo akaiambia ijifanye inasoma lugha nyingine inayofanana nayo kidogo. Matokeo yake baadhi ya maneno ikayapaka rangi sawasawa, mengine ikayapaka kwa kubahatisha, na machache iliyoyashindwa kabisa ikayapaka nyekundu na kuyapigia mstari wa mawimbi chini. Mstari wa sita, wa shamba la dada, ukawa mwekundu wote. Mpwa akasema hilo halina madhara, kisanduku hakioni rangi. Kweli, tulipokilisha, taa ilikuwa ya kijani, na mota sita nilizokuwa nimezipanga mezani kwa majaribio zikageuka moja baada ya nyingine kwa utaratibu kama kwaya ya wanawake.

Nilijiona msomi. Nikaenda kuchapa steshenari, kwa rangi, nakala nane, nikazifunika plastiki ngumu zisilowe, na kila moja nikaipiga muhuri wa karakana.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye nyasi za ukingo wa ndiva. Nikagawa karatasi. Nilitegemea watazitazama kwa heshima, na walizitazama kwa heshima, kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nikasoma mstari wa kwanza. Mtu akasema rudia. Nikarudia. Kisha mwenye shamba la pili, fundi cherehani, mama mmoja mwenye macho makali kwa sababu ya kazi yake, akanyoosha mkono.

"Fundi, samahani. Mbona mimi ni bluu na mwenyekiti ni kijani?"

Nikaeleza kwamba rangi hazina maana, programu inazipaka yenyewe.

"Nani aliiambia ampake mwenyekiti kijani?"

"Hakuna."

"Basi inampendelea yenyewe," akasema, na watu wakaguna kukubaliana naye.

Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kutuliza kwamba yeye hajaomba kijani, ila pengine imetolewa kwa kuzingatia wadhifa. Hiyo haikusaidia. Katekista, mwenye shamba la tatu, akainua karatasi yake juani. Akasema kwamba katika Biblia yake maneno ya rangi nyekundu ni yale aliyoyatamka Bwana mwenyewe, na angependa kujua ni kwa vigezo gani shamba la sita, ambalo ni la dada yangu, limepewa nyekundu peke yake. Mwenye shamba la tano, mwalimu mstaafu, akasema hapana, nyekundu ni ya makosa. Yeye amesahihisha madaftari miaka thelathini na anajua nyekundu ni nini, na hata ule mstari wa mawimbi chini yake aliwahi kuupiga sana. Kufikia hapo nusu ya mkutano iliamini dada yangu ametukuzwa, nusu nyingine iliamini amefelishwa, na wote walikuwa wamekasirika sawasawa.

Dada alikuwa amekaa nyuma na kanga yake mabegani. "Mimi hiyo nyekundu siitaki," akasema. "Ninachotaka ni maji."

Sikufika hata mstari wa tatu. Mwenyekiti akaahirisha kwa wiki moja. Wiki moja tu, akasema, maana mbegu zimeshachipua ndani ya magunia, na kama wiki ijayo sitaleta kitu kinachosomeka bila ugomvi, maji yaendelee kugawanywa kama yanavyogawanywa sasa. Wote tulijua sasa yanagawanywaje. Dada alishuka kwenda kwake bila kunisubiri.

Nilimpigia mpwa nikamwambia aniondolee rangi. Akasema anaweza, lakini kwa nini nisitumie ile programu ndogo iliyokuja na kompyuta tangu mwanzo, yenye picha ya daftari? Naijua, nikamwambia. Niliiona siku ya kwanza nikaipita. Ni nyeupe tupu. Haina herufi za mikia wala rangi, haikumalizii neno, haikuulizi hali. Nikamwambia kinaganaga kwamba mimi ni mtu niliyejijenga, na vitu vya kupewa bure na kompyuta nawaachia wengine.

"Na maji ya ndiva mjomba uliyatengeneza mwenyewe?" akauliza.

Mtoto wa dada yangu kabisa. Nikakata simu kwa kisingizio cha mtandao.

Nikaifungua ile nyeupe. Nitasema ukweli kwa sababu mtu mkubwa haogopi ukweli: ilifunguka kabla sijamaliza kuketi. Nikaandika herufi, ikaandika herufi hiyohiyo, wala haikuongeza lake. Herufi zote nikaziweka za upana mmoja, na mistari yangu sita ikasimama pamoja kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, neno chini ya neno, namba chini ya namba. Kando ya kila mstari, baada ya ile alama inayokiambia kisanduku kwamba yanayofuata si yako, nikaandika maelezo kwa Kiswahili: hapa kinafunguka kilango cha shamba la pili, kwa saa moja na nusu, hapa kinafungwa. Nikachapa kwa wino mweusi. Sikufunika plastiki. Muhuri nilipiga, maana kazi ni kazi.

Mkutano wa pili ulikaa palepale. Safari hii walimleta na mgawa maji mzee, amepakiwa kwenye pikipiki na kanzu na koti lake, wakamkalisha kwenye kigoda. Fundi cherehani aligeuza karatasi mbele na nyuma, akailinganisha na ya mwenyekiti, akaona ni sawa, akatulia. Nikasoma. Hakuna aliyegombana na chochote, maana hapakuwa na cha kugombania: shamba la kwanza saa moja na nusu, la pili saa moja na nusu, la tatu saa moja na nusu, mpaka la sita saa moja na nusu. Namba zilisimama nguzo moja, zote sawa. Katekista akasema hii sasa ni haki. Mwalimu mstaafu akasema angeipa alama zote. Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi na kuandaa maneno machache ya shukrani kwa niaba yangu mwenyewe.

"Rudia," mzee akasema.

Nikarudia yote.

"Rudia wa sita."

Nikarudia wa sita. Alikuwa ameshika karatasi mbali na macho, kidole kimewekwa kwenye ile nguzo ya namba, kinashuka. "Kijana," akasema, nami nina miaka hamsini na miwili, "maji kutoka shamba la tano mpaka la dada yako umeyapeleka na nini? Kwa simu?"

Watu wakacheka. Nikamwambia yanakwenda kwa mfereji, mzee, kama siku zote.

"Pale katikati kuna nini?"

Kuna korongo. Kila mtu anajua kuna korongo, mfereji unalikata kwa mapana, na chini ni mchanga mtupu.

"Ule mchanga unakunywa," akasema. "Unakunywa kwanza, ndipo unaachia. Mimi nilikuwa nikifunga pale kwa mwalimu natembea na maji. Yakisimama nasimama. Yakishalowesha kizingiti cha shamba la dada yako, ndipo naangalia saa. Wewe umeanza kuhesabu maji yangali kwa mwalimu."

Miaka yote ile hakuna aliyejua. Tulimwona akishuka taratibu na mfereji, tukadhani ni mwendo wake. Hata dada aliniambia baadaye kwamba alikuwa akimwonea huruma kwa uzito wa miguu. Nami nikasimama na karatasi yangu nzuri, nikaona nilichokuwa nakwenda kufanya. Saa moja na nusu ya dada ingeliwa nusu na mchanga, kila Jumatatu, kila Alhamisi, kwa haki kamili, na tena kwa muhuri. Wale walioamka mapema walimwibia kwa aibu angalau. Mimi ningemwibia kwa mashine, na hapangekuwa na wa kumlalamikia. Ningemhamishia Mwanga kwa mkono wangu.

Ile karatasi ya rangi ilikuwa na namba hizohizo. Hakuna aliyeziona kwa sababu wote tulikuwa tunatazama nani kapewa kijani.

Nikamuuliza mzee ni muda gani. Akafumba macho, naamini alikuwa anatembea. "Mchanga ukiwa mkavu, robo tatu ya saa."

Kompyuta nilikuwa nayo. Nikaichomeka kwenye betri ya vilango, nikaketi pale kwenye nyasi, nikafungua ile nyeupe, nao wakanizunguka wote mpaka nikakosa mwanga. Nikaongeza mstari mmoja kabla ya ule wa sita: kilango wazi, usihesabu, subiri dakika arobaini na tano. Niliandika polepole ili kila herufi ionekane. Katekista, ambaye hajui neno hata moja la lugha hii, alinionyesha kwamba nimeruka nukta mwishoni ambayo mistari mingine inayo. Alikuwa sahihi. Wakaniambia nisome. Nikasoma. Mwenyekiti akauliza kama kuna asiyeridhika, akasubiri, na kunguru mmoja tu ndiye aliyejibu.

Jumatatu ilikuwa ya ajabu. Kilango cha mwalimu kilishuka saa saba na nusu mchana, mbele ya macho yangu na ya dada, cha kwake kikapanda, na kwa zaidi ya nusu saa hakikutokea chochote. Dada alinitazama mara tatu. Sikumtazama hata mara moja. Kisha majani makavu ya mfereji wa chini yakaanza kusogea, yakifuatiwa na povu la kahawia, na maji yakaingia shambani kwake, dakika ya arobaini na nne. Alivua ndara akasimama ndani yake. Alhamisi vilevile. Jumatatu iliyofuata akapanda mbegu yake yote.

Ikaja Alhamisi nyingine. Nilikuwa nimepanda mlima kwa sababu nilipenda kutazama, siwezi kuficha. Mchanga wa korongo ulikuwa sasa umenyweshwa mara tatu mfululizo na umeshiba, na kisanduku hakikulijua hilo, maana mimi sikukiambia, maana mimi mwenyewe sikulifikiria. Maji yalipita korongo kama barabara ya lami. Yaliingia shambani baada ya dakika kumi na tano, na kisanduku kikaendelea kusubiri kwa utii zifike arobaini na tano ndipo kianze kuhesabu zamu. Zamu ilipotakiwa kwisha, maji yalikuwa bado yanaingia, na tuta la chini likaanza kumomonyoka.

"Funga," dada akaita kutoka katikati ya tope.

Nikafungua kompyuta juu ya mapaja. Waya wake ulikuwa bwawani, mwendo wa nusu saa juu. Nikafunga kompyuta. Nikaanza kupanda mlima mbio, na kwa mwili wangu hatua ya ishirini nikajua sitafika nikiwa hai. Nilipogeuka kuvuta pumzi nikaona kilango cha dada kimeshashuka. Mgawa maji mzee alikuwa amekaa pale kwenye jiwe kando yake. Wajukuu humleta kila siku ya maji akae hapo, na alikuwa amekisukuma chini kwa fimbo yake.

"Ukishashiba ni dakika kumi na tano," akaniambia niliporudi. "Ukikauka nitakwambia tena." Na mimi jioni hiyohiyo bwawani nikafungua ile nyeupe, nikafuta arobaini na tano nikaandika kumi na tano, ikakubali bila neno. Zamu yenyewe ilibaki saa moja na nusu, kwa hiyo haikuhitaji mkutano. Tangu hapo nimebadilisha namba hiyo mara nyingi, kila anaponipigia, na sijawahi kujaribu programu nyingine.

Lakini hiyo ilikuwa jioni. Mchana ule kwanza dada alitoka kwenye tope akiwa amekusanya vipande vya tangawizi vilivyokuwa vikielea, amevibeba kwenye pindo la kanga. Nilisubiri maneno. Nilikuwa nimeyaandaa na majibu yake, yenye korongo na mchanga na ugumu wa teknolojia.

"Weka hiyo kompyuta mahali pakavu," akasema, "uchukue jembe."

Tukapanda upya tuta lile, yeye anaweka mbegu, mimi nafukia, suruali imekunjwa magotini, tope linaninyonya viatu. Alikuwa akipanga kwa sauti pa kupanda zaidi msimu ujao, upande ule wa ndizi ambao hajawahi kuufikishia maji, na mimi nikaitikia kila alichosema. Mzee kwenye jiwe lake alitutazama mpaka mwisho, kisha akasema mstari wangu umepinda. Haukupinda. Ni udongo ulikuwa na maji mengi.